Maneno ya Mgeni wa Ng'ambo

Kama ulitaka kumkera Mkalimani, ilitosha kumsifu. Ukimwambia, "Mzee, leo umetafsiri vizuri," alikutazama kama umemmwagia maji. Kwake, mkalimani aliyeonekana alikuwa ameshaharibu kazi. Watu wawili wakishaelewana, alisema, warudi makwao wakidhani wamezungumza wenyewe. Nilimjua kwa miaka mingi, kwanza kama jirani yetu wa Chikongola, hapa Mtwara, kisha kama mzee wa kwenye benchi la ofisini kwetu, na jina lake sitalitaja. Mtaa mzima tulimwita Mkalimani, hata watoto walidhani ndilo alilopewa na baba yake. Yeye na mkewe wote wamelala makaburini Ziwani sasa, ndiyo maana naona naweza kuandika.

Mimi ni wa kuja. Baba yangu alitoka Tukuyu kufanya kazi bandarini, akatuzaa hapa na akazikwa hapa, lakini kwa Mkalimani hiyo haikutosha. "Binti wa ndizi," aliniita, "lini mnarudi kwenu?" Nami nilimjibu kwamba tutaondoka tukishawamalizia ming'oko yao, ile mizizi ya porini. Alicheka kila mara kana kwamba ni jibu jipya, akanipa fungu la ming'oko iliyochemshwa kutoka kwenye mfuko wake wa nailoni. Sikumwona hata siku moja akitembea bila kitu cha kutafuna.

Kireno alikiokota ujanani, ng'ambo ya Ruvuma, kwenye mashamba na maduka ya watu. Kiswahili chake kilikuwa sanifu kuliko changu, na nilikuwa na cheti. Kimakonde kilikuwa cha nyumbani, na kilimponyoka tu alipotamka "ntu" badala ya mtu. Kabla ya vita vya ng'ambo, wakubwa wa upande wetu na wale wa upande wa pili wa Ruvuma walikuwa wakikutana katika vikao walivyoviita vya ujirani mwema. Walizungumzia mitumbwi iliyokamatwa, nyavu, viboko walioingia kwenye mpunga, watu waliovuka kwenda kuoa bila kibali. Kitu ambacho mgeni wa Mtwara hakielewi upesi ni kwamba mle chumbani karibu wote walijua Kimakonde. Wengine walikuwa binamu. Lakini kikao ni kikao. Bendera zikishasimamishwa mezani, wa ng'ambo alisema Kireno, wa kwetu alisema Kiswahili cha redioni, na Mkalimani alikaa katikati akiwatafsiria watu ambao asubuhi ile ile walikuwa wameulizana hali ya shangazi. Chakula kikifika, Kimakonde kilirudi.

Niliwahi kumwambia kwamba huo ni mchezo wa kitoto. Alikasirika kweli.

"Siyo mchezo," alisema. "Lugha ya serikali ni suti. Ntu hawezi kuja kuomba msaada wa nchi nzima akiwa amejifunga msuli."

Kazini hakumtazama mtu usoni. Alitazama glasi yake ya maji, ambayo hakuinywa mpaka kikao kiishe. Alisema "mimi" kwa niaba ya kila mtu: mimi mwenyekiti, mimi mgeni, mimi niliyeibiwa mtumbwi. Labda ndiyo sababu hilo "mimi" lake mwenyewe lilikuwa adimu. Mkewe alilalamika waziwazi. "Huyu ntu wangu," alisema, "ukimwuliza kama ameshiba, anakujibu kama msemaji wa serikali mbili."

Ufundi wake ulikuwa kwenye kitu kimoja hasa, kuondoa ukali. Alikiita kutoa miba. Mgeni hapewi samaki na miba yake yote, alisema, utakuwa humtaki. Mtu wa ng'ambo akisema kwa hasira kwamba askari wetu ni wezi, kwa Kiswahili ilitoka kwamba mgeni anasikitishwa na usumbufu uliojitokeza. Wa kwetu akifoka, kwa Kireno ilitoka salamu. Watu wengi tulijua na tulimpenda kwa hilo. Alipata kazi hata pale ambapo lugha ilikuwa moja. Jirani yetu mmoja alikuwa amegombana na mkwewe, mama wa mumewe, wamenuniana nyumba moja kwa sababu ya sufuria iliyoazimwa ikarudi na tundu. Wakamwita. Akakaa katikati yao sebuleni, akaomba glasi ya maji. Mama mkwe akasema, kwa Kiswahili, "Mwambie huyu mchafu sufuria ile nilipewa na marehemu mume wangu." Mkalimani akamgeukia binti, kwa Kiswahili kile kile: "Mama yako anasema sufuria ile inamkumbusha marehemu." Wakaendelea hivyo mpaka wote wawili wakawa wanalia, na ule mchafu ukapotelea njiani. Kila mmoja alikuwa amesikia tusi kwa masikio yake, lakini walikubali kujibu kile kilichotafsiriwa. Huko ndiko kukaa kwetu, na sikuona ubaya wake hata kidogo wakati ule.

Ukimkuta sokoni kwenye samaki, hata hivyo, ulidhani ni mtu mwingine. Pale alisema kwa kinywa chake na hakutoa mwiba hata mmoja. "Changu huyu amekufa mara mbili," aliwaambia wauzaji, "mara ya pili kwa aibu." Mimi aliwahi kuniambia mbele ya foleni nzima kwamba nimenenepa na kazi ya kukaa. Nilimnunia kwa wiki nzima, akaniletea ming'oko.

Nafanya kazi masjala, yaani chumba cha majalada, katika ofisi ambayo haina haja ya kutajwa. Kazi yetu ni kupokea karatasi, kuzipa namba, kuzipeleka kwa wakubwa wazisome, na zikirudi kuziweka mahali pake. Vita vilipoanza ng'ambo Mkalimani alikuwa ameshastaafu. Haukupita muda mrefu, akatokea dirishani kwangu amevaa kanzu safi na kofia, akaniamkia kabla sijamwamkia, jambo lililonitisha. Alitaka muhtasari wa kikao cha mwisho cha ujirani mwema kabla ya vita.

Nilimwuliza anautakia nini. Akasema, "Nataka kuona wameandikaje."

Haikuwezekana. Muhtasari hupewa mjumbe wa kikao, na kwenye orodha ya mahudhurio Mkalimani hakuwahi kuandikwa. Dereva aliandikwa. Mpiga picha aliandikwa. Makarani wa zamani waliona mkalimani ni sehemu ya chumba, kama viti, na kusema kweli yeye mwenyewe ndiye aliyewazoesha. Bosi wa wakati ule akamwambia hivyo kwa upole: mzee, kwa mujibu wa kumbukumbu, wewe hukuwepo. Sijawahi kuona mtu akipokea neno kama alivyolipokea lile. Alishukuru, akaenda kukaa kwenye benchi la korido, na tangu siku hiyo benchi likawa lake.

Alikuja miaka na miaka. Mabosi walibadilika, rangi ya ukuta ilibadilika, yeye akaja. Hakufoka wala hakuomba mara mbili kwa siku moja. Alikaa bila kuegemea, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Nilidhani anavuta uradi. Siku moja nilipita karibu na chai, nikasikia kuwa ni Kireno, sentensi moja fupi inayopanda kisha kushuka, akimaliza anaanza tena. Mimi Kireno sijui hata salamu, lakini sauti ile ilinishika. Niliisikia nikifua, niliisikia kanisani wakati wa ukimya. Nilimwogopa kwa kipindi fulani, nakiri, nikawa napita mlango wa nyuma.

Alinieleza mwenyewe, mchana umeme umekatika na ofisi nzima imetoka nje kupunga upepo. Alikuwa anamenya ming'oko, na hakunitazama.

Katika kikao kile, alisema, mgeni alikuwa mtawala wa eneo la ng'ambo karibu na mdomo wa mto, mtu mrefu, mpole, wa suti ya rangi ya majivu. Zamu yake ilipofika akasimama, akasema kwa Kireno, taratibu kabisa: "Vijana wetu wananunua mapanga na hawana mashamba. Tusaidieni kabla ya mvua, la sivyo mtakuja kutuzika."

"Chumba kilikuwa kimekaa vizuri, binti," Mkalimani aliniambia. "Mwenyekiti amefurahi, soda zimefunguliwa. Nikaona neno hili nikilitua kama lilivyo, nimewavunjia wenyeji heshima mbele ya wageni wao. Nikasema, 'Mgeni wetu anaeleza kuwa kuna changamoto kidogo upande wa vijana, na anaomba ushirikiano wetu uendelee.' Mwenyekiti akashukuru. Tukaenda ajenda ya viboko."

"Na mgeni?"

"Kiswahili anakijua. Amesomea huku huku Mtwara, utotoni, walipokimbia vita vya zamani. Alinisikia vizuri. Akanitazama, nami nikatazama glasi. Hakunisahihisha. Kumsahihisha mkalimani mbele za watu ni kumvua nguo, na yeye alikuwa ntu wa adabu."

Mvua zikaja, na vita navyo. Yule mgeni aliuawa mwanzoni kabisa. Na katika kijiji kimojawapo, ambacho maji yakipwa ungeweza kusimama upande wetu ukaona moshi wa majiko yao, alikuwa ameolewa binti wa pekee wa Mkalimani. Waliovuka walisema walimzika wenyewe, kwa haraka, pamoja na watoto wake, na walisema mahali, lakini mahali penyewe hapakufikika.

"Sasa umeelewa," aliniambia. "Kama karani aliandika maneno yangu, basi wakubwa hawakuambiwa, na aliyemwua mwanangu ni mimi. Kama kwa njia yoyote aliandika ya mgeni, siyo mimi. Nataka kujua tu. Sitamshitaki ntu."

Nilimwambia mjumbe hauawi. Akasema mjumbe huyo ni yule aliyefikisha.

Baada ya hapo nilianza kuona vitu ambavyo jirani mwingine angeviita uzee. Mchana kweupe sokoni Chikongola alikuwa akisimama ghafla katikati ya watu, akimtazama mtu fulani kwa mgongo, mtu mrefu aliyevaa koti. Alimfuata mpaka amwone uso, kisha akaomba radhi. Mkewe aliniambia kwamba hilo lilimpata zaidi ya mara moja, na kwamba kila akirudi alikuwa anasema, "Siyo yeye, lakini alikuwa anangoja." Alingoja nini? Mkewe hakujua, au hakutaka kujua. Yeye alikuwa na swali lake moja, alilolisema waziwazi hata msibani: je, mwanangu aliachwa? Alitaka kujua kama kuna mtu aliyejua kwamba watoto wale wako kule, akawaacha. Hayo mengine, alisema, amemwachia Mungu.

Na Mkalimani akaacha kutoa miba. Watu wa ng'ambo walipokuwa wakivuka kwa wingi, hospitali moja ilimwomba msaada, na wauguzi walimfuata nyumbani. Alikataa mara kadhaa, kisha akaenda. Nilikuwepo siku hiyo kwa sababu ya mgonjwa wangu. Mwanamke aliyevuka alikuwa akieleza yaliyompata, na Mkalimani akayasema kwa Kiswahili neno kwa neno, kwa "mimi" yake ile ile, mimi walinishika, mimi walimchukua mtoto wangu mgongoni, bila kupunguza sauti wala kuruka kitu. Muuguzi kijana akamshika mkono, akamwambia, "Babu, basi, inatosha, tumeelewa." Akamjibu, "Hajamaliza." Akaendelea. Muuguzi akatoka akilia, nami nikamfuata nje, maana sikuweza tena. Alipomaliza aliinywa glasi yake ya maji yote kwa mkupuo. Hawakumwita tena, na sikuwalaumu, ingawa najua yule mwanamke ndiye aliyeomba yasemwe yote.

Muhtasari nilikuja kuupata bila kuutafuta, ofisi ilipohamia jengo jipya. Tulikuwa tunafungua makabati ya zamani ambayo funguo zake zilikuwa zimepotea na waliozipoteza. Ulikuwa katika jalada la mawasiliano na ng'ambo, mahali pake hasa, umewekwa vizuri. Nilisoma nimesimama. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na changamoto kidogo upande wa vijana, kama alivyosema. Lakini mwishoni, kwenye mengineyo, karani alikuwa ameongeza kwamba wakati wa chakula mgeni alimwendea, akamrudia maneno yake kwa Kimakonde, akaomba yaandikwe kama alivyoyasema. Na yalikuwepo. Mapanga, mashamba, mvua, kuzika, yote.

Furaha niliyoipata siku hiyo siwezi kuieleza. Nilipiga magoti kati ya maboksi, nikamshukuru Mungu. Bosi wetu mpya, dada ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, nilimweleza habari za mzee mwanzo mpaka mwisho. Akafikiri, akasema mzee alikuwepo kikaoni, awe ameandikwa au hakuandikwa. "Aje asome hapa hapa, mama, mbele yako. Asipige picha."

Alikuja na mkewe. Ruhusa ilikuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo mama akabaki nje koridoni, kwenye benchi jipya. Mkalimani akaketi mezani kwangu. Alikuwa amekonda, na kofia ilikuwa imemlegea. Nikamfungulia ukurasa wa kwanza. Alisoma maneno yake mwenyewe, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa picha yake na kukubali kuwa ni yeye. Kisha nikamfungulia wa mwisho, nikaweka kidole pale.

Alisoma taratibu. Midomo ilicheza, lakini safari hii kwa Kimakonde. Nilikuwa nangoja uso wake ufunguke. Alimaliza, akarudia, halafu macho yake yakaenda pembeni mwa karatasi, mahali ambapo mimi kwa mazoea ya kazi sikuwa nimepatilia maanani. Pembeni kulikuwa na saini. Kalamu ya buluu, kalamu nyekundu, kalamu nyeusi, za meza mbalimbali, kila moja na neno lake: imeonekana. Chini kabisa mtu alikuwa ameandika: ihifadhiwe.

"Hawa wote walisoma?" aliuliza.

"Walisoma, baba."

"Kabla ya mvua?"

Nilitazama tarehe zilizokuwa chini ya saini, moja moja. "Kabla ya mvua."

Nami, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa siku nyingi kusema maneno hayo, nikayasema. "Kwa hiyo siyo wewe, baba. Maneno ya mgeni yalifika."

"Yalifika," alisema. Aliuweka mkono juu ya zile saini, akawa anazipapasa moja moja. "Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa namjua aliyemwua binti yangu. Nilikuwa namwosha uso kila asubuhi. Nikitaka namkemea, nikitaka namfungisha saumu, nikitaka namwombea. Sasa unanipa hawa. Hawa nitawafanya nini?"

Nililia, yeye hakulia. Alilifunga jalada mwenyewe, akanisukumia, akanishukuru kwa adabu zake zote. Nikamshika mkono kumtoa nje, jalada nimelibana kwapani.

Mkewe alisimama alipotuona. Alikuwa mfupi, mwenye macho makali, na hakuzunguka.

"Wamesemaje?"

Nilimwona Mkalimani akitafuta kitu cha kutazama, na koridoni hapakuwa na kitu. Akamtazama mkewe usoni.

"Wanasema hawakujua," akasema. "Niliwatafsiria vibaya mimi, yakaandikwa yale yangu. Wangejua, wangevusha watu. Wangemtoa."

"Wangemtoa?"

"Yeye na watoto."

Mama alishusha pumzi ndefu, kisha akamwekea kofia sawa kichwani. "Basi hakuachwa," alisema. "Wewe nilishakusamehe zamani, hilo ulijue. Nilikuwa nataka kusikia hili tu." Halafu akanigeukia mimi, msomi wa karatasi, kwa macho yake yale. "Ni kweli, mwanangu? Hakuna aliyejua?"

Jalada lilikuwa kwapani kwangu.

"Kweli, mama," nilisema. "Hawakujua."